Barakoa za Mama Kinga

Wifi yangu aliingia kwenye biashara ya vifaa vya kazi kwa sababu ya macho ya kaka yangu. Kaka ni fundi wa kuchomelea, wa mageti na madirisha ya chuma, na kabla hajaoa alikuwa akichomelea huku amefumba jicho moja na kukunja la pili, kama mtu anayenusa kitu kilichooza. Mafundi wote wa mtaa wetu walifanya hivyo. Jioni macho yakianza kuwaka, walibandika vipande vya viazi vibichi juu ya kope, wakalala chali wakigumia, na asubuhi wakarudi kazini. Huo ndio ulikuwa ufundi wenyewe. Aliyevaa kinga alionekana mwoga.

Wifi alipofika pale nyumbani akaona, hakukubali.

"Sikuolewa nije kukata viazi vya kubandika machoni," alimwambia mumewe. Kesho yake akaenda mjini, akanunua barakoa ya kuchomelea, akamvika kwa mikono yake mwenyewe mbele ya wenzake. Wenzake walicheka wiki nzima. Halafu mmoja akamwita pembeni, akamuuliza, "Shemeji, ile umeitoa wapi?"

Hivyo ndivyo duka lilivyoanza. Kilikuwa chumba chembamba mwisho wa safu ya karakana. Mabuti yalining'inia kwa kamba zake darini, glavu za ngozi zilifungwa jozi jozi, kofia ngumu zikapangwa zikiingiliana kama masufuria. Mimi hushona ovaroli chumba cha pili. Tulitenganishwa na bati moja tu, kwa hiyo yote aliyosema niliyasikia na yote niliyosema aliyasikia. Mawifi wawili kusikilizana namna hiyo miaka yote bila kurushiana maneno ni jambo la kumshukuru Mungu.

Watu walimwita Mama Kinga. Kila mteja aliyelia bei alijibiwa vilevile: "Kinga ni bora kuliko tiba, baba. Na tiba hapa siuzi."

Mwanzoni alinunua kwa muuza jumla wa mjini. Yule bwana alikuwa peke yake katika biashara ile na alijijua. Akikohoa, bei inapanda. Akinuna, mzigo haupo. Siku moja wifi alirudi kutoka kwake mikono mitupu, akamkuta dukani kwangu wakala wa forodha aliyekuja kuchukua ovaroli za vibarua wake. Ni mwanamume mwembamba, mpole, mwenye kusema neno moja na kulingoja litue ndipo aseme la pili. Akamwambia habari za soko la mtandaoni, ambako viwanda vya ng'ambo hupanga bidhaa zao na mtu huagiza kwa simu.

"Lakini usiende kama unaenda gengeni," akamwonya. "Picha si mzigo. Omba sampuli kwanza. Fedha zako zipitie ndani ya soko lenyewe, wazishike mpaka upokee na uridhike. Wakikuonyesha cheti, usikiangalie tu. Waandikie waliokitoa uwaulize kama ni chao. Na mzigo ukiwa mkubwa, kuna wakaguzi hukohuko. Unawalipa, wanaingia ghalani, wanafungua boksi wanalotaka wao, si lile wanaloonyeshwa."

Wifi si mtu wa kurukia mambo. Mara ile ya kwanza alifuata kila neno. Aliandikia viwanda kadhaa, akatupa vilivyojibu kwa haraka mno na vilivyokataa kutuma sampuli. Kilichobaki kilimtumia sampuli ya barakoa ya kujigeuza: kioo chake ni cheupe unapopima kazi, cheche ikiruka tu kinageuka cheusi kabla hujapepesa. Ukikielekeza dirishani, uso wake ulimetameta rangi rangi kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Kaka aliipeleka kwa mwalimu wake wa zamani chuo cha ufundi, mwenye kifaa cha kupimia mwanga, ikapita. Akaifanyia kazi. Jioni alikuwa anarudi nyumbani na macho meupe, anasoma gazeti kwa sauti mpaka watoto wanamwomba anyamaze.

Mzigo wa kwanza ulifika, ukafanana na sampuli kama shilingi kwa ya pili. Ukaisha upesi. Mafundi walikuja kutoka mitaa ambayo hatukuwahi kuisikia.

Upande wa pili aliyekuwa akijibu meseji ni msichana wa mauzo. Hakujua Kiswahili, alitumia mashine ya kutafsiri, na mashine yenyewe ilikuwa na mambo yake. Asubuhi moja iliandika, "Dada wa thamani, ng'ombe zako wameamka salama?" Wifi alicheka hadi akashika ukuta. Hatukuwa na ng'ombe hata wa kwenye kalenda. Akanisomea kupitia bati, nami nikashindwa kushona. Tangu hapo wakawa mashoga wa simu. Wifi alimtumia picha za watoto, msichana akatuma picha ya theluji juu ya paa. Mtoto wetu mdogo alipougua homa, yule msichana aliuliza hali yake siku tatu mfululizo, wakati majirani wa ukuta kwa ukuta hawakuuliza.

Kisha ikaja meseji nyingine. Wifi alinisomea hiyo pia, kwa furaha: soko linatukata sisi sote wawili, dada yangu, tutoke nje tufanye kindugu, nitakupa bei ya dada, lipa moja kwa moja kwenye akaunti hii.

Wakala alikuwepo siku hiyo. Aliichukua simu, akaitazama kwa muda.

"Mama Kinga, jina la akaunti hii si jina la kiwanda."

"Ni la mhasibu wao. Ameniambia."

"Nani amekuambia?"

"Yeye mwenyewe."

"Na mji ni mwingine."

"Mhasibu anakaa mji mwingine. Kwani wewe unakaa ofisini?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. "Basi walipe wakaguzi wakaangalie mzigo kabla haujafungwa."

"Mara ya kwanza ulikuja safi, wakala. Ndugu yako huwezi kumwekea askari mlangoni."

"Basi omba sampuli. Ya mzigo huu, siyo ya ule."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni akifuta mikono. "Mke wangu, huyu bwana anasema kweli."

"Wewe chomelea. Biashara niachie mimi."

Kaka akarudi kwenye geti lake. Sampuli wifi aliiomba, sitamsingizia. Msichana akajibu kwamba barakoa ni zilezile, kiwanda ni kilekile, meli inaondoka, akichelewa atangoja msimu mwingine. Wifi akatuma fedha.

Zilipita wiki za kungoja, na wiki hizo hakulala vizuri. Alinung'unika, alishika simu kila mara, aliwakaripia watoto kwa makosa ya kuku. Hofu yake na yetu sote ilikuwa moja: mzigo usifike. Ulipofika, kila boksi mahali pake, nembo ileile, harufu ileile ya plastiki mpya, tulikumbatiana kati ya duka. Tulidhani wizi ni mzigo kutofika.

Kaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchukua barakoa mpya, maana ya zamani ilikuwa imepasuka ukanda. Akaigeuza geuza kwenye mwanga. "Hii haina ule mmeto."

Wifi akauliza kwenye simu. Jibu likaja kabla hajaiweka chini: ni toleo jipya, dada, mmeto ulikuwa urembo tu. Akatoka nje, akaielekeza barakoa kwenye jua. Kioo kikawa cheusi tii. "Umeona?" akasema. Na sisi tukaona.

Sitasema ilikuwa siku ya ngapi. Kaka alirudi jioni akasema ana mchanga machoni. Kesho yake akasema mchanga haujatoka. Alidhani ni vumbi la jiwe la kusagia, akanawa, akaendelea na kazi, kwa sababu alikuwa na kinga na mwenye kinga haogopi. Wiki hiyo hiyo fundi wa madirisha akapita dukani anatokwa na machozi. Akafuata kijana wa fremu za vitanda. Wifi aliwauliza wote kwa ukali kama walikuwa wakifunua barakoa katikati ya kazi. Wote wakaapa kuwa hawakufunua. 

Halafu akaja fundi wa matangi. Huyu alikuwa bonge la mtu, mtulivu, anayechomelea matangi ya maji kwa kuingia ndani yake. Ndani ya tangi hakuna pa kugeuzia uso, mwanga unakupiga kutoka kila upande, ndiyo maana alikuwa mteja wa kwanza kununua mzigo mpya ulipofika. Alikuja ameweka mkono begani kwa mkewe. Mkewe hakupandisha sauti. Aliiweka barakoa juu ya meza ya duka, akasema, "Mume wangu haoni katikati."

"Haoni vipi?"

"Anaona pembeni. Katikati hakuna kitu. Mimi akinitazama, ananiona masikio."

Wifi alifunga duka mchana kweupe. Alimshika mumewe mkono wakaenda hospitali ya macho, nami nikawafuata na ovaroli iliyoshonwa nusu mkononi, pini bado zimo. Daktari alikuwa mama mtu mzima. Aliwasha taa ndogo, akaangalia jicho moja, la pili, akarudia la kwanza. Akaomba kuiona barakoa. Akatueleza polepole kwamba mwanga wa kuchomelea una sehemu inayoonekana na sehemu isiyoonekana, na ile isiyoonekana ndiyo inayounguza. Kioo kile kilizuia ile inayoonekana tu. Jicho likaona giza, likafunguka wazi kama mlango wa jioni, na ule moto usioonekana ukaingia moja kwa moja mpaka nyuma.

"Bora angechomelea bila kitu," alisema. "Angefumba."

Wifi hakulia pale. Alisema ahsante daktari, akaichukua barakoa kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa panya kwenye mtego.

Nyumbani kaka aliifungua kwa koleo. Naye katikati alikuwa haoni tena, akafanya kwa kupapasa, uso ameugeuza upande ili aone kwa pembe ya jicho. Akaweka kioo cha zamani na kipya sambamba. Cha zamani kilikuwa tabaka juu ya tabaka, na juu kabisa kile kipande chenye mmeto. Kipya kilikuwa na lile tabaka la kugeuka giza, na mahali pa kipande cha mmeto paliwekwa plastiki, ile ya kufunikia picha.

Wifi alimwandikia msichana wake. Jibu la kwanza lilikuwa la masikitiko: pole dada wa thamani. La pili likasema watumiaji wamekosea kutumia. La tatu halikuja. Siku iliyofuata picha ya msichana ilikuwa imetoweka, pakabaki duara la kijivu. Hata leo sijui kama alikuwa msichana kweli, ama ni mwanamume mwenye ndevu anayejua kuuliza habari za watoto wagonjwa.

Akaandikia soko. Soko likajibu kwa adabu sana kwamba oda hiyo haimo kwao, malipo hayakupita kwao, na wanasikitika kuwa hawawezi kusaidia. Kile cheti kilichokuja na mzigo wa pili, sasa ndipo alipoandikia waliokitoa. Walijibu siku hiyo hiyo. Namba ilikuwa ya kweli, lakini ilitolewa kwa kiwanda kingine, na kwa bidhaa nyingine kabisa.

Asubuhi alichukua gunia, akaanza kuzunguka karakana moja baada ya nyingine kukusanya barakoa. Nilikwenda naye, maana sikuweza kumwacha aende peke yake. Wapo waliozitoa bila neno. Wapo waliotaka maneno. Fundi mmoja alimrushia miguuni akasema, "Nirudishie na jicho." Mwingine alikataa katakata kuitoa. "Nitavaa nini basi? Hii angalau inazuia cheche." Wifi alimsihi, akampa kioo cheusi cha kizamani kutoka stoo bila malipo, na bado yule bwana alimtazama kama anayeibiwa. Kuna mmoja aliyekuwa amemuuzia binamu yake wa mbali, na huyo binamu akawa ameiuza tena. Hiyo hatukuipata. Iko mahali fulani hadi leo, juu ya uso wa mtu.

Kwa fundi wa matangi alikwenda jioni. Mkewe alitukaribisha ndani. Yeye alikuwa ameketi kwenye kochi, mikono juu ya magoti, televisheni inaongea peke yake.

"Karibu, Mama Kinga," akasema. "Nimekujua kwa hatua zako."

Wifi alianza kuomba radhi. Yule fundi akamsubiri amalize. Kisha akauliza yeye.

"Ulijua?"

"Wallahi sikujua."

"Uliuliza?"

"Niliuliza."

"Ulimuuliza nani?"

"Nilimuuliza aliyeniuzia."

Fundi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa njia na akaielewa. Mkewe alileta chai, na wifi akainywa yote ikiwa ya moto, kwa sababu hakuthubutu kuiacha.

Wakaguzi wa viwango walikuja wiki iliyofuata na utepe wao. Mkuu wao hakuwa mtu mbaya. Wifi alimwonyesha meseji zote tangu ng'ombe mpaka duara la kijivu. Alizisoma, akamrudishia simu.

"Mama, nakuamini. Lakini kwenye nyaraka zote mwagizaji ni wewe. Kiwanda hakipo katika nchi hii. Wewe upo."

Duka likafungwa. Baadaye lilifunguliwa, baada ya faini na baada ya wifi kuuza friji na mashine ya kaka ya kuchomelea. Mashine haikuwa na kazi tena. Daktari alikuwa amesema tungoje, huenda jicho likarudi. Jicho la kushoto lilirudi kidogo. La kulia halikurudi. Katikati ya kila kitu anachokitazama kaka pana doa la moshi, na doa hilo huenda naye kila aendako. Hawezi kunyoosha geti. Alijaribu kabla mashine haijauzwa, akachomelea bawaba ya juu na ya chini zikawa hazikai mstari mmoja, mwenye geti akalipa bila kulalamika, na hilo la kutolalamika ndilo lililomuua moyo.

"Kama angenitukana," aliniambia, "ningejua bado ananihesabu fundi."

Jina la Mama Kinga lilibaki kidogo mitaani, likatamkwa kwa namna nyingine, watu wakalivuta mwishoni. Siku moja wifi alipanda kiti, akalikwangua jina kutoka juu ya mlango kwa kisu cha jikoni. Sasa anauza glavu, mabuti na kofia, vitu ambavyo ubaya wake unaonekana kwa macho. Barakoa hauzi. Mtu akiulizia, anamwelekeza kwa yule muuza jumla wa mjini anayepandisha bei akikohoa, na anamwambia aipeleke chuo cha ufundi ikapimwe kabla ya kuivaa.

Wachuuzi wengine huja kumuuliza habari za kuagiza ng'ambo, maana msiba wake umemfanya mwalimu. Huwaeleza bila kupamba: usitoke nje ya soko, usilipe akaunti ya mtu, usikubali sampuli ya jana kwa mzigo wa leo, mwandikie aliyetoa cheti, walipe wakaguzi hata kama roho inauma. Juzi alikuja dada mmoja anayeuza chupa za kunyonyeshea watoto. Alisikiliza yote, akaguna, akasema, "Nakuelewa, dada. Ila huyu wangu ni mtu mzuri. Wa kwako alikuwa tapeli." Kisha akaaga. Kupitia bati nilimsikia wifi akivuta kiti, akakaa, na hakufungua redio mpaka jioni.

Hatukumsikia kaka akimlaumu mkewe hata mara moja. Mimi dada yake nilimlaumu, moyoni, kwa muda mrefu, na baadhi ya siku bado. Yeye anakula, anatania watoto, anauliza nani ameingia. Wakati mwingine wifi anaketi makusudi pembeni yake, si mbele yake, ili aonekane.

Siku hizi kaka ananunua chuma chakavu nyuma ya karakana aliyokuwa bwana mkubwa ndani yake. Watu huleta vyuma vya vitanda, mabomba, mabati yaliyokunjwa. Anapapasa, anagonga, anajua chuma gani ni kizito na kipi kimeliwa na kutu. Vyuma vikipanda juu ya mizani, anayesoma ni wifi. Akiwa hayupo, kaka husomewa na muuzaji.